Neno Moja, Vitu Viwili: Fizikia ya Mwanzo kwa Msomaji wa Lugha

Lubumbashi, Bukavu au Kindu, ukimtuma mtoto sokoni akuletee makala, atarudi na mfuko wa vipande vyeusi vya kupikia. Kwa mhariri wa jarida hili, makala ni maandishi kama haya unayoyasoma sasa. Neno ni moja, vitu ni viwili, wala hakuna anayekosea, kwa sababu mazingira ya mazungumzo yanatosha kuonyesha kipi kinakusudiwa. Hakuna atakayewasha mbabula kwa kurasa hizi, labda zikimchosha sana.

Katika somo la fizikia mambo ni mengine. Humo maana mbili za neno moja hukutana ndani ya sentensi moja, na mazingira hayasaidii tena. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba uzito wa jiwe hupungua likipelekwa mwezini lakini kilo zake hazipungui, anasikia utani, kwani nyumbani kwao uzito ndio kilo. Basi atakariri fomula kwa Kifaransa, atapata pointi zake, na mwaka ukiisha hakuna kitakachobaki.

Jambo hili linatuhusu sisi wa lugha kuliko tunavyodhani. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha hizo zitumike kufundishia. Kati yetu watatoka walimu, watafsiri na watunzi wa vitabu vya shule. Mtoto wa kwanza kuuliza kwa nini mwezi hauangukii nyumba yao atamuuliza mmoja wetu, na atamuuliza kwa Kiswahili. Makala haya yanapitia dhana chache za mwanzo za fizikia na za elimu ya nyota kwa njia moja tu: kutazama mahali ambapo neno la kila siku linapaswa kugawanywa mara mbili ili jambo lieleweke.

Uzito na tungamo

Chukua gunia la unga la kilo 25. Ukilinyanyua, mikono inahisi kwamba kitu kinalivuta chini. Sasa lipakie juu ya chukudu, mahali pa tambarare kule Goma, uanze kusukuma. Hapa hunyanyui kitu. Ardhi ndiyo inayobeba. Hata hivyo chukudu inakataa kuanza, na ikishaanza inakataa kusimama. Sehemu ya ugumu huo ni msuguano wa magurudumu, lakini si wote. Yapake mafuta unavyotaka, chukudu yenye magunia manne itakuwa ngumu kuianzisha kuliko iliyo tupu, na ngumu kuizuia ikiteremka.

Mikono imehisi vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni uzito: kani ambayo dunia inakivuta nayo kitu. Cha pili ni tungamo, ambalo vitabu vingine huliita masi: kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, kinachojionyesha kwa ukaidi wa kitu hicho kila unapotaka kuubadilisha mwendo wake. Tungamo hupimwa kwa kilo. Uzito, kwa kuwa ni kani, hupimwa kwa niutoni. Hapa duniani kila kilo moja huvutwa kwa kani ya karibu niutoni 9.8, kwa hiyo gunia letu lina tungamo la kilo 25 na uzito wa niutoni 245 hivi.

Lipeleke mwezini. Uvutano wa huko ni karibu sehemu moja ya sita ya huu wetu, kwa hiyo uzito wa gunia utashuka hadi niutoni 40 hivi, na mtoto ataweza kulinyanyua. Lakini unga haukupungua hata kijiko. Ukilisukuma kwa ubavu litakuwa kaidi vilevile kama Goma, na watu watakaolishwa kwa unga huo ni walewale.

Soko linajua tofauti hii bila kuitaja. Mizani ya springi, ile yenye ndoano na mshale, hupima uzito: mwezini mshale wake ungesimama karibu na kilo 4, na mnunuzi angedai chake. Mizani ya sahani mbili na mawe ya chuma hulinganisha tungamo na tungamo: mwezini ingeonyesha kilo 25 zilezile, kwa sababu unga na mawe vimepungukiwa uzito kwa kiwango kimoja. Mwalimu aliye na mizani hizo mbili, au walau picha zake, ana somo zima mkononi.

Mtu asiseme kwamba kasoro iko katika Kiswahili. Mfaransa naye husema mwili wake una uzito wa kilo 60, na hakuna jirani anayemsahihisha. Isaac Newton, alipochapisha kitabu chake kikuu cha Kilatini mwaka 1687, hakuanza na sheria za mwendo. Alianza na ufafanuzi wa maneno, na neno la kwanza kulifafanua lilikuwa kiasi cha maada, yaani tungamo. Hata Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya kwa karne nyingi, ilibidi kwanza ichorewe mipaka.

Zito na jepesi huanguka vipi?

Ukiisha kutenganisha maneno hayo mawili, fumbo la zamani linafunguka. Watu wengi huamini kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi, na wana sababu: jiwe na jani havifiki chini pamoja. Galileo Galilei alipinga imani hiyo katika karne ya 17, na tutambue kwamba vitabu vyake viwili vikubwa, vya mwaka 1632 na 1638, kwa sehemu kubwa hakuviandika kwa Kilatini cha vyuo bali kwa Kiitaliano, lugha ya watu wake.

Maelezo ya jambo hilo kwa maneno yetu ni haya. Jiwe lenye tungamo mara kumi huvutwa na dunia kwa kani mara kumi. Lakini jiwe hilohilo ni kaidi mara kumi, yaani linahitaji kani mara kumi ili liongeze mwendo sawasawa na lile dogo. Nyongeza na ukaidi vinafutana, na mawe yote mawili yanakwenda sambamba. Jani linachelewa kwa sababu ya hewa, si kwa sababu ya wepesi wenyewe. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 alisimama mwezini, ambako hakuna hewa, akaachilia nyundo na unyoya wa ndege kwa wakati mmoja. Vilifika chini pamoja.

Anayesema "uzito" kwa mambo yote mawili hawezi kutoa maelezo hayo. Atajikuta anasema kwamba uzito unakivuta kitu na uzito huohuo unakizuia, na mwanafunzi mwerevu atainua mkono.

Kasi na mchapuko

Mjini tunasema pikipiki inaenda mbio. Neno "mbio" linachanganya mambo mawili ambayo dereva anayajua vizuri katika mwili wake. Akienda kilomita 50 kwa saa katika barabara nzuri, amekaa kwa raha kama yuko kwenye kiti cha nyumbani. Akiondoka ghafla kutoka kusimama, abiria wa nyuma anavutwa na kushika koti lake. Jambo la kwanza ni kasi: umbali kwa muda. La pili ni mchapuko: kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde. Mwili hauhisi kasi. Mwili unahisi mchapuko.

Pikipiki inayotoka kusimama hadi mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, ndani ya sekunde 5, imeongeza mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde. Embe linaloanguka kutoka mtini huongeza karibu mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, mpaka lifike chini au hewa ianze kulizuia vya kutosha.

Hapa fizikia inalivuta neno mpaka mahali ambapo lugha ya nyumbani haikulipeleka. Kuchapuka kwa kawaida ni kwenda haraka. Lakini kwa mwanafizikia kufunga breki nako ni mchapuko, kwa kuwa kasi imebadilika, ijapokuwa imepungua. Na kukata kona bila kupunguza wala kuongeza ni mchapuko pia, kwa kuwa mwelekeo umebadilika. Abiria anayeegemea upande mmoja kwenye kona anathibitisha. Mwalimu aliseme hili waziwazi na mapema, kwa sababu bila kona hiyo hatutauelewa mwezi.

Nguvu, neno lililogombanisha Ulaya

Kiswahili kinasema nguvu ya mtu, nguvu ya injini, nguvu ya umeme, nguvu ya maji, nguvu ya dawa. Fizikia inagawa fungu hilo katika mafungu angalau matatu. Kuna kani, ambayo ni msukumo au mvuto. Kuna nishati, ambayo ni uwezo uliowekwa akiba wa kufanya kazi. Na kuna kasi ya kuitumia nishati hiyo, inayopimwa kwa wati.

Tofauti ya nishati na wati iko kwenye fakitire ya SNEL. Kampuni haidai wati; inadai kilowati-saa, yaani nishati. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imekula kilowati-saa 1. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 100 imekula kilowati-saa 1 vilevile. Pasi inakula haraka, taa inakula polepole, chakula ni kilekile.

Neno "kazi" nalo linabanwa. Kwa mwanafizikia, kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kufuata kani hiyo. Mama anayeinua bido la lita 20 kutoka chini hadi kichwani, mita 1.5 hivi, amefanya kazi ya karibu juli 294. Akisimama nalo robo saa akimsubiri mwenzake, hakulifanyia bido kazi hata ya juli 1, ingawa shingo inamuuma na misuli yake inachoma chakula. Tusimwambie mtoto kwamba mama hakufanya kazi. Tumwambie kwamba fizikia imeazima neno letu, ikakata kipande kimoja tu cha maana yake, na kwamba kipande kilichobaki bado ni chetu.

Anayeona mgawanyo huu kuwa anasa asome historia. Mwaka 1686 Leibniz alidai kwamba nguvu ya kitu kinachokwenda hupimwa kwa tungamo lake mara kasi mara kasi tena. Wafuasi wa Descartes walishikilia kwamba ni tungamo mara kasi, basi. Ugomvi ulidumu miongo mingi, mpaka d'Alembert, mwaka 1743, akauita ugomvi wa maneno. Kila upande ulikuwa unapima kitu cha kweli, lakini si kitu kimoja. Pande zote mbili zilikiita kwa jina moja, nguvu.

Pikipiki inaonyesha vitu hivyo viwili. Dereva anayekwenda kilomita 60 kwa saa akifunga breki kwa kani ileile anayotumia akiwa na kilomita 30, atahitaji muda mara mbili ili asimame. Hiyo ndiyo hesabu ya wafuasi wa Descartes, ambayo Newton aliiita wingi wa mwendo. Lakini umbali atakaoteleza ni mara nne, si mara mbili. Hiyo ndiyo hesabu ya Leibniz, nasi leo tunaiita nishati ya mwendo. Mtoto anayevuka barabara anahitaji hesabu ya pili. Mbio zikiongezeka maradufu, nafasi ya kumkwepa inahitaji kuwa mara nne.

Hata baada ya hapo maneno hayakutulia. Thomas Young alianza kulitumia neno la nishati kwa maana ya kisayansi mwaka 1807, lakini Hermann von Helmholtz, alipoandika mwaka 1847 kwamba nishati haipotei bali hubadilika sura, bado alitumia katika kichwa cha maandishi yake neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu. Kijerumani kilifanya kosa lilelile tunaloogopa kulifanya, na sayansi yake haikufa. Ilikaa chini ikachagua maneno. Kiswahili nacho kimechagua. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na neno kama "kanieneo" limebeba ufafanuzi wake lenyewe: kani iliyogawanywa kwa eneo inaloangukia. Kisu kikinolewa, kani ya mkono haibadiliki. Eneo la ukingo limepungua, kwa hiyo kanieneo imepanda, na nyama inakatika.

Joto na halijoto

Weka kwenye mbabula kikombe cha robo lita ya maji ya nyuzi 20 ukayapashe mpaka nyuzi 90. Kisha pasha bido la lita 20 kutoka nyuzi 20 mpaka 30 tu. Kipi kimekula makala zaidi? Kikombe kinaunguza ulimi, bido ni vuguvugu. Hata hivyo bido limepokea joto zaidi ya mara 11. Hesabu ni fupi: robo lita mara nyuzi 70 ni 17.5, lita 20 mara nyuzi 10 ni 200.

Joto ni nishati inayohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Halijoto ni hali ambayo kitu kimefikia, ile inayosomwa kwenye kipimajoto. Ziwa Kivu lina halijoto ya chini kuliko kikombe cha chai, na bado nishati iliyomo katika maji yake inakishinda kikombe kwa kiasi kisichosemeka.

Tofauti hii ina faida jikoni. Maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na ile ya hewa iliyo juu yake. Kadiri unavyopanda, hewa iliyobaki juu yako inapungua, na kanieneo yake inashuka. Kwa hiyo maji ya Goma na Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ya Lubumbashi, mita 1,200 hivi, kwenye nyuzi 96. Ndiyo sababu moja ya maharagwe kuchelewa kuiva milimani. Na mara maji yanapoanza kuchemka, kuongeza makala hakupandishi halijoto: joto lote la ziada linatoka kama mvuke. Sufuria inayotokota kwa fujo na ile inayotokota taratibu zina nyuzi zilezile. Ya kwanza inamaliza tu mfuko wa makala.

Mwezi unaoanguka kila siku

Sasa tulipe deni la mwezi. Katika lugha ya nyumbani, kuanguka ni kufika chini. Katika fizikia, kitu kinaanguka kinapoachwa kwa uvutano peke yake, kifike chini kisifike.

Tupa jiwe mbele kwa usawa wa ardhi. Linakwenda mbele, na wakati huohuo linaanguka. Litupe kwa nguvu zaidi, litaangukia mbali zaidi. Dunia ni mviringo, kwa hiyo kadiri jiwe linavyokwenda mbali, ardhi nayo inainama chini yake. Kama hewa isingekuwapo na ungeweza kulitupa kwa karibu kilomita 8 kwa sekunde, ardhi ingeinama sawasawa na jiwe linavyoanguka. Lingeendelea kuanguka bila kufika.

Mwezi unafanya hivyo. Uko mbali nasi wastani wa kilomita 384,400, na unakwenda karibu kilomita 1 kwa sekunde. Bila uvutano ungenyoosha njia ukapotea. Uvutano unaupinda, kama dereva anayekata kona bila kubadilisha kasi, na kona hiyo haiishi. Newton alifanya hesabu yake. Embe huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia mara 60 kuliko embe, na kama uvutano hupungua kwa umbali mara umbali, basi mwezi unapaswa kuanguka mara 3,600 pungufu, yaani milimita 1.4 hivi kwa sekunde. Ukipima kupinda kwa njia yake, unapata milimita 1.4 hivi. Kwa hesabu hiyo ya mstari mmoja, embe la uani na mwezi wa mbinguni viliingia chini ya sheria moja.

Saa mbili za Kongo

Tunasema jua linachomoza na jua linatua. Wafaransa na Wajerumani husema vivyo hivyo, na wataalamu wa nyota nao wanapozungumza na watoto wao. Hakuna haja ya kuufuta usemi. Kuna haja ya kujua kinachozunguka. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au nyuzi 1 kwa dakika 4. Anayeishi kwenye ikweta, ambayo kwetu hupita kati ya Butembo na Lubero, anabebwa kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Hahisi kitu, kwa sababu tuliyokwisha kuyasema: mwili hauhisi kasi.

Kutokana na mzunguko huo nchi yetu ina saa mbili. Kinshasa iko karibu na longitudo ya 15, Goma karibu na ya 29. Tofauti ya nyuzi 14, kila moja kwa dakika 4, inafanya dakika 56. Jua linamfikia mtu wa Goma karibu saa nzima kabla ya kumfikia mtu wa Kinshasa. Serikali iliandika tu kwenye saa za ukutani kile ambacho dunia ilikuwa inafanya.

Mwezi na mwezi

Kiswahili kina neno moja kwa mwezi wa angani na mwezi wa kalenda, na safari hii neno moja linasaidia, kwa kuwa la pili limezaliwa na la kwanza. Lakini hapa pia pana vitu viwili vya kutenganisha. Mwezi huizunguka dunia na kurudi karibu na nyota ileile baada ya siku 27.3. Katika muda huo dunia nayo imesogea katika njia yake ya kulizunguka jua, kwa hiyo mwezi unahitaji siku 2 na zaidi ili urudi kwenye mstari uleule na jua. Ndiyo sababu kutoka mwezi mwandamo hadi mwandamo mwingine ni siku 29.5. Waislamu wa Maniema wanaishi na hesabu hiyo: miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354, kwa hiyo Ramadhani inatangulia kwa siku 11 hivi kila mwaka wa kalenda ya jua.

Mwezi mwembamba hautokani na kivuli cha dunia, ingawa wengi hudhani hivyo. Wakati wote jua linamulika nusu ya mwezi. Sisi tunaona sehemu ndogo au kubwa ya nusu hiyo kulingana na mahali mwezi ulipo. Kivuli cha dunia huingia siku ya kupatwa kwa mwezi tu.

Na hapa vitabu kutoka nje vinatupotosha. Watoto wa Ufaransa hufundishwa kuutambua mwezi unaokua na unaopungua kwa kuufananisha na herufi p na d, kwa sababu kwao mwezi mwembamba husimama wima. Kwetu, karibu na ikweta, mwezi huo hulala kama mtumbwi, pembe zikitazama juu, unapokua na unapopungua pia. Mtoto wa Kisangani akiutafuta kwa herufi p ataona kitabu kina haki na macho yake yana kosa. Mpe kanuni inayofaa kila mahali: mwezi mwembamba unaoonekana jioni upande wa magharibi unakua, unaoonekana alfajiri upande wa mashariki unapungua.

Kwa atakayefundisha

Kutokana na mifano hii tunaweza kutoa mashauri matatu. Kwanza, tukio litangulie neno. Mtoto asukume chukudu kabla ya kuandikiwa "tungamo" ubaoni. Akishahisi vitu viwili mikononi, ataomba mwenyewe jina la cha pili. Pili, neno likishachaguliwa lisibadilishwe. Kitabu kinachosema "nguvu" ukurasa wa 5, "kani" ukurasa wa 9 na "nishati" ukurasa wa 12 kwa kitu kilekile kimerudisha ugomvi wa mwaka 1686 darasani. Uzuri wa mtindo, ambao katika insha hutaka visawe, hapa unadhuru. Tatu, mtihani upime maana. Badala ya kumwambia mwanafunzi ataje fomula ya uzito, muulize kama mfanyabiashara aliye mwezini atumie mizani ya springi au ya sahani mbili, na kwa nini. Atakayejibu vizuri, kwa Kiswahili chake cha nyumbani, ameelewa, na fomula ya Kifaransa atakayofundishwa mwaka unaofuata itakuta mahali pa kukaa.